Kasongo Hakuna Upepo

Kazi yangu ni kuongea na ndege. Nikisema hivyo, watu wa mbali hunifikiria nimekaa kwenye mnara wa vioo, nimevaa vidude masikioni. Mimi nakaa kwenye chumba kimoja cha matofali ya kuchoma, kando ya uwanja wa ndege wa Kasongo. Kuna dirisha moja na mlango mmoja, na mlango ndio ninaoutumia zaidi kwa sababu dirisha linatazama choo. Kwa miaka mingi nilifanya kazi kwa foni, ile redio kubwa ya masafa ya mbali, na kwa macho. Niseme ukweli, nilikuwa naringa. Hakuna ndege iliyotua Kasongo bila mimi kuiambia neno.

Macho yalikuwa na utaratibu wake. Nikisimama mlangoni, karibu yangu kando ya pisti, ile njia ya ndege kutua, kuna kichuguu kikubwa chekundu. Mbele zaidi kuna mchikichi uliobaki peke yake, na mbali kabisa, kule pisti inakoishia, linaonekana bati la msikiti. Rubani akiniuliza naona mpaka wapi, nilimjibu, "Mpaka bati," na maana yake ilikuwa njoo bila wasiwasi. "Mpaka muchikichi" ilikuwa njoo kwa adabu. "Kichuguu tu" ilikuwa ngoja kwanza huko juu. Marubani wageni walicheka. Baada ya safari mbili tatu walikuwa wakiniuliza wenyewe, "Kasongo, kichuguu iko?"

Mvua yetu, ile yenye upepo, mara nyingi hutoka upande wa Kabambare. Kule palikuwa na mwenzangu aliyeshika foni kama mimi, mtu ambaye sijamwona uso hata siku moja, ila kikohozi chake ningekitambua sokoni. Mvua ikimpitia aliniambia kama imepita na hasira au imepita imechoka, na imekaa muda gani. Mimi nilihesabu saa mbili hivi, nikajua itanifikia lini na itaniacha lini. Ndege ikikuta mvua iko kwangu, nilimwambia rubani, "Zunguka robo saa upande wa Lusangi, kisha uje." Alizunguka, akaja. Hatukuwa na jambo jingine la kujadiliana.

Halafu tukaletewa mambo ya kisasa.

Walikuja mainjinia wawili kutoka mji mkuu na masanduku kumi na moja. Wakapachika paneli za jua juu ya bati langu, wakaweka sahani ya kunasa mawasiliano ya juu, wakaniwekea mezani ekrani ambayo ndege huonekana ndani yake kama punje ya mchele inayotembea. Nje, kwenye uzio mdogo, walisimamisha mti wa chuma, na juu yake wakafunga kitu cheupe kama visahani vilivyopangwa. Hicho ndicho, wakasema, kitakachopima upepo, mvua, joto na kila kitu, na kitatuma chenyewe Kindu, kwenye ofisi yetu kuu ya mkoa, na Kindu watampa rubani. Mafunzo yalikuwa siku mbili. Nilielewa nusu, na mpaka leo sijui nusu niliyoielewa ni ipi.

Kwanza walinivuruga kwa saa. Mdomoni mwangu, na mwa watu wote ninaoishi nao, ndege ya mchana inakuja saa nane. Saa ya ukutani inaandika kumi na nne. Ekrani inaandika kumi na mbili, kwa sababu inafuata saa ya dunia nzima. Nikauliza hiyo dunia nzima inakaa wapi. Injinia mmoja akacheka, mwingine akaniandikia kwenye karatasi jina la mji wa Ulaya. Wiki ya kwanza nilikwenda kufukuza mbuzi pisti saa mbili kabla ya ndege, nikawafukuza, wakarudi, nikawafukuza tena. Mbuzi nao nadhani walichanganyikiwa.

Kisha likaja agizo la maandishi. Hali ya hewa sasa inasomwa kwenye ekrani peke yake. Hakuna tena kumwambia rubani "mi naona". Foni ya Kabambare haihesabiki kuwa habari. Nililibandika ukutani kwa heshima, nikalisoma kila asubuhi, na kila asubuhi lilinikera upya.

Kosa langu ni hili, na nalisema mapema ili atakayecheka acheke sasa. Kwetu kitu cha thamani hakikai uchi. Televisheni ina kitambaa chake cha kufuma, redio ina chake, viti vina vyao mgongoni, na kwa mama mkubwa, dada yake mama yangu, hata friji ambayo haijawahi kuona umeme ina kitambaa chenye maua. Kitu kikikaa bila kitambaa, mgeni hufikiri hakina mwenyewe. Nikaona kile kitu cheupe juu ya mti wa chuma, kinapigwa na vumbi na mvua na mavi ya ndege wa kawaida, nikaona aibu. Nikaenda kwa mama mkubwa. Alikuwa fundi cherehani, na ndiye aliyenilea miaka yote ya shule, kwa maana shule ilikuwa karibu na kwake.

Alikuja mwenyewe kupima kwa mkono, nikamshikia ngazi. Akashona kitu cha uhakika. Ndani kulikuwa na turubai, nje kitambaa cha buluu chenye uzi mweupe pembeni, na chini kamba ya kufunga kwa fundo. Kilipendeza sana. Watu waliokuja kupokea wageni walipiga picha mbele yake.

Leo naona wazi upumbavu wake. Siku zile sikuona. Kitu chenyewe hakikuwa na kinachozunguka, na mainjinia walisema kinapima upepo kwa sauti. Sauti mimi naijua. Redio ya nyumbani ina kitambaa na inasikika vizuri tu.

Kuanzia hapo ekrani ikaandika upepo sifuri, mvua sifuri. Siku ya kwanza ya mvua kubwa nilisimama katikati ya chumba, bati linapiga kelele mpaka sijisikii, nikatazama ekrani: mvua sifuri. Nikaipiga kofi kidogo. Sifuri. Nikafikiri pengine chombo kinahesabu mvua inayodhuru ndege tu, na hii yetu kwake ni umande. Nikampigia simu shefu wangu wa Kindu.

"Usibishane na masini," akaniambia. "Huku wanafurahi. Vituo vingine vinakatakata, chako kinatuma kila dakika. Endelea vile vile."

Kwa hiyo nilipongezwa. Wafanyabiashara wa Salamabila, wale wanaoshuka Kasongo na kuendelea kwa pikipiki kwenda kwenye dhahabu, waliniambia siku hizi hata mjini inasemekana Kasongo hakuna upepo. Niliitikia kama mtu aliyesifiwa watoto wasio wake. Marubani wa zamani walikuwa bado wananiuliza habari ya kichuguu kwa sauti ya chini, nami niliwajibu kwa sauti ya chini, na ndege zilitua. Lakini marubani wapya hawakuuliza.

Mama mkubwa alifariki alfajiri ya siku ya ndege.

Mama yangu alikuwa Bukavu kwa mdogo wangu, ambaye mke wake alikuwa amejifungua. Aliposikia dada yake amezidiwa alikata tiketi ya ndege ya kwanza, na ndege ya kwanza ikawa ya siku hiyo. Walikuwa wawili tu kwa mama yao. Mdogo wangu alimwambia msiba pale pale uwanjani kabla ya kupanda, kwa kuwa hakuona namna ya kumficha. Mama akapiga simu kwa mjomba, kaka yao wa baba mmoja, akaomba jambo moja tu: auone uso wa dada yake kabla ya kuzikwa.

Wazee walikaa na imamu. Maiti kwetu haingojeshwi. Wakahesabu: ndege saa nane, kutoka uwanjani mpaka nyumbani dakika ishirini, alasiri inaingia saa tisa na kitu. Wakakubali.

"Tutamuzika kisha alasiri," mjomba akaniambia. "Zaidi ya pale, hapana. Wewe enda ku kazi. Wewe ndiye wa kutuletea mama yako."

Nikaenda. Nilikuwa mfiwa na nilikuwa kazini, na sikujua nianze na kipi, kwa hiyo nilifagia chumba.

Saa sita kasoro robo simu yangu ikalia. Alikuwa yule mwenzangu wa Kabambare, ambaye tangu agizo lije hakuwa na sababu ya kunipigia.

"Mukubwa, pole na msiba, tumesikia," akasema, akakohoa. "Mvua imepita huku kwetu. Iko na hasira, lakini haikukaa. Dakika kumi, kumi na tano, ikaisha. Inakuja kwako."

Nikamshukuru. Nikaandika kwenye mkono wangu kwa kalamu: saa nane kasoro robo, dakika 15. Niliandika mkononi kwa kuwa kwenye fomu mpya hapakuwa na mahali pa kuandika habari ya namna hiyo. Kisha nikakaa mbele ya ekrani nikingoja punje ya mchele itokee.

Mvua ilifika wakati ule ule niliouandika. Upepo ulitangulia, ukaangusha kiti changu cha nje na kukiburuta mpaka kwenye nyasi. Bati la msikiti likapotea, kisha mchikichi, kisha kichuguu kikawa doa, nacho kikapotea. Maji yakaingia mlangoni, yakanifika miguuni. Pisti yetu ni ya udongo mwekundu, na maji yakiwa bado juu yake huteleza kama sahani yenye mafuta. Nikatazama ekrani. Upepo sifuri. Mvua sifuri. Punje ya mchele ilikuwa inakuja, na mama yangu alikuwa ndani yake.

"Kasongo, Kasongo," rubani akaita. Sauti ilikuwa ya mmoja wa wale wapya. "Nabakisha dakika kumi. Kindu wananiambia kwenu kweupe, upepo sifuri. Thibitisha."

Nimefikiria sana yale niliyoyafanya hapo, na kila mara nayapanga upya kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye mifuko ile ile. Kwanza nilisoma ekrani. Nilisema, "Masini inasema upepo sifuri, mvua sifuri." Yote hayo yalikuwa kweli. Ndivyo agizo lilivyotaka niseme, neno kwa neno, na kama ningeishia hapo hakuna mtu duniani angenidai neno zaidi. Mama angekuja. Labda rubani angeona mvua mwenyewe akajua la kufanya. Labda chombo kilijua jambo nisilolijua, maana kilitengenezwa na watu waliosoma, na mimi niliye na macho mawili ni nani. Nilinyamaza. Nilitaka sana kuendelea kunyamaza.

Kisha nikasikia mdomo wangu unapiga kelele. "Lakini mi naona mvua, Komanda! Mvua mubaya! Kichuguu yenyewe haionekane! Usitue!"

"Kasongo, kichuguu ni kitu gani? Mvua iko ao haiko?"

"Iko!"

"Masini inasema nini?"

"Masini inasema haiko."

Nilisikia ngurumo ya injini redioni, na nyuma yake nadhani nilisikia watu wakiongea.

"Kasongo, munaniambia mambo mbili," rubani akasema. "Siwezi kungojea kitu sijui. Naenda Kindu."

Na mimi nikajibu, "Sawa." Sijui kwa nini nilijibu sawa. Punje ya mchele ikageuka taratibu, ikatazama upande mwingine.

Ndipo nikaona mkono wangu. Wino ulikuwa umeanza kuyeyuka, lakini ulisomeka: dakika 15. Ningemwambia zunguka. Miaka yote nilisema zunguka, ni neno dogo tu, ningelisema hata usingizini. Siku hiyo nilikuwa nimeshughulika kugombana na sifuri mpaka nikasahau kumwambia rubani jambo la pekee nililokuwa na uhakika nalo. Nikaipiga ile meza ngumi, nikaumia.

Mvua ilikwisha kabla hata ya zile dakika kumi na tano. Kichuguu kikarudi, mchikichi ukarudi, bati la msikiti likang'aa. Nikashika redio. "Komanda, pamefunguka! Mpaka bati! Rudi!"

"Hapana, Kasongo. Mafuta yangu sasa ni ya Kindu."

Mjomba alikuwa amesimama mlangoni pa nyumba ya msiba nilipofika peke yangu na pikipiki. Alitazama nyuma yangu kama mama angetokea kwa miguu. Nikamwambia ndege imekwenda Kindu kwa ajili ya mvua. Akainua macho juu, na juu palikuwa samawati, hakuna hata wingu la kunionea huruma. Tukaswali, tukabeba jeneza, tukamzika mama mkubwa kwenye jua kali, na kila mtu aliyefuta jasho nilihisi ananifuta mimi.

Kesho yake injinia wa mji mkuu alinipigia. Taarifa ya rubani ilikuwa imemfikia, na alitaka kujua kama chombo kina hitilafu.

"Juu yake iko kitu?"

"Hakuna kitu," nikamjibu. "Iko tu na kitambaa yake."

"Kitambaa gani?"

Nikamweleza. Nilieleza na turubai ya ndani, kwa sababu nilidhani atafurahi kwamba ilishonwa vizuri. Akaniomba, kwa sauti ya upole iliyoniumiza kuliko matusi, nipande ngazi nikakitoe. Nikakitoa. Niliporudi ndani, namba zote zilikuwa zinacheza kwenye ekrani. Upepo upo. Unyevu upo. Nikakaa chini nikazitazama. Kama zingecheza vile siku moja kabla, Kindu wangesema mvua, nami ningesema mvua, na rubani aliyeambiwa jambo moja na watu wawili angeuliza tu: itakaa mpaka saa ngapi?

Baada ya siku chache ilikuja barua ya kunitaka nijieleze kwa nini nilipingana na chombo, na siku ile ile shefu akanipigia kunishukuru kwa kuokoa ndege. Nikamuuliza nishike ipi. Akasema nijibu barua. Niliandika mistari mingi nikaifuta, mwisho nikabakiza mmoja: chombo kilikuwa kimevishwa nguo, na aliyekivisha ni mimi. Mshonaji sikumtaja.

Mama alikuwa amefika kabla ya barua hiyo, siku ya tatu ya msiba. Alikataa kungoja ndege nyingine, akatoka Kindu kwa pikipiki, siku mbili njiani, yeye ambaye maisha yake yote hakupanda pikipiki hata ya kwenda sokoni. Alishuka akiwa mwekundu kwa vumbi mpaka kwenye kope. Alikwenda kaburini kwanza, hakutaka afuatwe na mtu. Aliporudi alikaa kwenye mkeka, akanyoosha miguu kwa shida, watu wakatupisha.

"Mutoto yangu," akasema. "Ile mvua ilikaa sana?"

Nilikuwa nimejitayarisha kwa swali hilo siku tatu. Nilikuwa na majibu mengi, mengine mazuri.

"Dakika kumi na tano, mama. Haikutimiza."

"Na ulijua miye niko ndani."

"Nilijua."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayekubali bei asiyoipenda. Sikujua kama nimshike mkono au nisimguse.

"Rubani aligeuka, akatuambia, 'Mutu wa Kasongo amekataa,'" akasema. "Wote mule ndani wakakutukana. Wale wa Salamabila, mutoto yangu, wanajua kutukana. Nikawaambia, huyo ni mutoto yangu, na mufu ni dada yangu. Wakanyamaza wote." Alivuta pumzi, akafuta vumbi machoni kwa ncha ya kitenge. "Kisha nikakutukana miye peke yangu, kimoyomoyo, mpaka tukashuka Kindu."